Vijana 40, Majina 211: Utamaduni Pendwa Wao Ni Upi?

Swali: Ninaandika tasnifu ya shahada ya kwanza kuhusu utamaduni pendwa wa vijana. Nimewahoji vijana 40 wenye umri wa miaka 16 hadi 24, kila mmoja akaorodhesha vitu kumi anavyovipenda: wanamuziki, filamu, tamthilia, gemu, watengeneza video. Nimepata majina 211 tofauti, na 158 kati ya hayo yametajwa na mtu mmoja tu. Majina tisa yaliyoongoza yametajwa jumla ya mara 108. Msimamizi anataka nitoe fasili ya utamaduni pendwa wa vijana hawa. Nitafasili vipi kitu ambacho hata wawili hawakubaliani? Au niandike kwamba haupo?

Jibu: Usiandike kwamba haupo. Takwimu zako mwenyewe zinaonyesha upo, ila umeutafuta kwa swali lisilo lake. Kosa hilo lina asili yake ndani ya istilahi. Kiswahili kimechagua neno "pendwa", kama tunavyosema fasihi pendwa, na neno hilo linamburuta mtafiti hadi kwenye kitenzi kupenda. Anakwenda kuuliza "unapenda nini?", anarudi na ladha za watu, kisha anashangaa kwamba ladha hazifanani. Ladha hazijawahi kufanana. Jambo huwa pendwa, kwa maana ya kitaaluma, pale linapoenea hadi likawa mali ya wengi: wanalijua, wanajua kwamba wenzao nao wanalijua, na wanaweza kulisifu, kulikejeli au kuliiga bila kumweleza mtu kwanza ni nini. Kupendwa ni moja tu ya mambo yanayoweza kulipata jambo la namna hiyo, na kuchukiwa ni jingine.

Tuanze na hesabu, maana umeshazishika namba na hujazikamua. Mitajo yote ni 400. Ukitoa 158 ya pekee, inabaki 242 kwenye majina 53. Majina tisa ya juu yana 108, yaani wastani wa vijana 12 kwa kila jina. 44 yaliyobaki yana 134, yaani karibu vijana watatu kwa kila jina. Sasa chukua vijana wawili wowote uwalinganishe orodha zao. Kwa mgawanyo huu, kwa wastani watakutana kwenye jina moja hivi kati ya kumi. Ndiyo maana ulipozisoma orodha uliona kila mtu na lwake.

Geuza swali: ni wangapi kati ya 40 hawana hata jina moja kati ya yale tisa? Kila jina kati ya hayo limetajwa kwa wastani na asilimia 30 ya vijana, kwa hiyo uwezekano wa kijana kulikosa ni 0.7. Kuyakosa yote tisa, ikiwa mitajo imetawanyika bila kufuatana, ni 0.7 ikizidishwa yenyewe mara tisa, yaani karibu 0.04. Katika vijana 40 hao ni mmoja au wawili. Orodha zilezile zinazoonyesha kwamba hakuna wawili wanaofanana ndizo zinazoweza kuonyesha kwamba karibu wote wameunganishwa. Mwanafalsafa Ludwig Wittgenstein, katika kitabu kilichotoka 1953, alilifananisha jambo la aina hii na uzi: hauna unyuzi mmoja unaopita kuanzia mwanzo hadi mwisho, nguvu yake inatokana na nyuzi nyingi zilizopishana.

Nenda kahesabu kwenye karatasi zako, usiniamini mimi. Ukikuta waliokosa yote tisa ni 10 au 12 badala ya wawili, basi mitajo haikutawanyika. Imejikusanya upande mmoja, na una makundi mawili yenye utamaduni tofauti. Hilo lingekuwa tokeo zuri kuliko ulilolitarajia. Tazama hao 10 wanashirikiana nini: umri, jinsia, lugha, shule, au gemu moja ambayo wengine hawaichezi.

Kuhusu nadharia, jizuie. Wanafunzi wengi hujaza kurasa ishirini za fasili kisha data haizigusi. Ya lazima ni machache. Raymond Williams, katika kamusi yake ya maneno ya utamaduni ya 1976, alionyesha kwamba neno la Kiingereza tunalolitafsiri "pendwa", yaani "popular", limebeba maana nne zilizorundikana: kinachopendwa na wengi, kazi za daraja la chini, kazi iliyotengenezwa makusudi ili kuvutia umati, na utamaduni ambao watu wamejitengenezea wenyewe. Chagua unayoitumia na useme umeichagua. Theodor Adorno na Max Horkheimer, katika miaka ya 1940, waliishikilia ile ya tatu: viwanda vinatengeneza, umati unameza. Stuart Hall, katika insha ya 1981, alikataa kuchagua kati ya kumeza na kujitengenezea. Kwake utamaduni pendwa ni uwanja wa mvutano, na thamani ya kitu inahama kadiri watu wanavyokishika. Kwa vijana wenye ladha nyingi Hall ndiye anayekufaa, kwa sababu anakuruhusu kuangalia watu wanakifanyia nini kitu, si kukiangalia kitu peke yake.

Halafu kuna mwanasosholojia Pierre Bourdieu, ambaye kitabu chake cha 1979 kilitokana na hojaji za watu 1,217 nchini Ufaransa. Hoja yake ni kwamba ladha tunayoiona kuwa yetu binafsi kwa kiasi kikubwa imefinyangwa na tabaka na malezi. Richard Peterson na Roger Kern, mwaka 1996, wakaongeza jambo lililoigeuza kidogo hoja hiyo: Marekani, wasikilizaji wa tabaka la juu walikuwa wakipanua orodha yao na kusikiliza aina nyingi za muziki badala ya kujifungia kwenye wa kifahari. Mwaka huohuo Bethany Bryson akaonyesha kwamba hata hao wenye masikio mapana huwa wana kitu wanachokitupa nje. Lichukue hilo kama zana ya kazi. Kijana akikwambia "mimi nasikiliza kila kitu", usiandike "ladha pana" ukaendelea. Muulize: "Isipokuwa?" Jibu lake ndilo mpaka. Na ukitazama vizuri utagundua kwamba sentensi "mimi sifuati mkumbo, nina ladha yangu" inatamkwa na wengi kwa maneno yaleyale. Kujitenga nako kuna mkumbo wake.

Sasa kazi ya kurudi uwandani. Huhitaji kuanza upya. Unahitaji duru ya pili ya mahojiano, dakika 15 kwa kila kijana.

Kwanza weka mipaka kwa maandishi. "Vijana" ni akina nani? Umoja wa Mataifa, kwa ajili ya takwimu, unahesabu miaka 15 hadi 24. Mkataba wa Vijana wa Afrika wa 2006 unahesabu 15 hadi 35. Wako wa 16 hadi 24 wanaingia kote, lakini kijana wa 16 na wa 24 wametengana miaka minane, na wa 24 alipokuwa na 16 mwenzake alikuwa mtoto wa minane. Gawa majedwali yako mara mbili, 16 hadi 19 na 20 hadi 24, kabla ya kutoa hitimisho lolote. Weka na kipindi: "katika mwezi uliopita" kunatosha. Bila kipindi, mmoja atakutajia wimbo wa utotoni na mwingine wa jana, nawe utaviweka kapu moja.

Pili, zipe uzito orodha ulizonazo. Mtu anapoorodhesha bila kusaidiwa, kinachotoka kwanza kwa kawaida ndicho kilicho karibu zaidi akilini. Kwenye orodha ya vitu kumi, cha kwanza kipe alama 1, cha pili 0.9, cha tatu 0.8, hadi cha kumi 0.1. Jumlisha alama za kila jina, ugawe kwa 40, pamoja na wale wasiolitaja kabisa. Jina lililotajwa na vijana 12 likiwa la kwanza kila mara litapata 0.30, lililotajwa na 12 likiwa la mwisho kila mara litapata 0.03. Ukihesabu mitajo peke yake, majina haya mawili yangeonekana sawa. Kipimo hiki kilianzia kwa wanaanthropolojia na kinaitwa kwa jina la J. Jerome Smith. Kinadai jambo moja: uwe umehifadhi mpangilio wa orodha kama ulivyotamkwa. Kama ulishazipanga kialfabeti, rudi kwenye rekodi za sauti.

Tatu, tengeneza orodha ya utambuzi. Chukua majina 20: yale tisa, sita ya katikati, na matano kati ya yaliyotajwa mara moja. Ongeza majina matatu ya bandia ambayo umeyabuni mwenyewe, yasikike kama ya kweli, na uyatafute mtandaoni kwanza uhakikishe kweli hayapo. Changanya mpangilio kwa kila mhojiwa. Kwa kila jina uliza maswali manne, kwa utaratibu huu: Unakijua? Umekitazama, kukisikiliza au kukicheza mwezi huu? Unakipenda? Kati ya vijana kumi wa rika lako, unadhani wangapi wanakijua? Anayedai kulijua jina la bandia mara mbili au tatu, majibu yake ya utambuzi yaweke kando. Hajadanganya kwa ubaya. Watu wengi wanaona haya kuonekana wamepitwa.

Swali la nne ndilo moyo wa fasili yako, na ndilo linalosahaulika. Michael Chwe, katika kitabu cha 2001, alieleza kwamba kujua hakutoshi. Lazima ujue kwamba wengine wanajua, na kwamba nao wanajua kuwa unajua. Hapo ndipo unaweza kurusha kijembe kikaeleweka. Tuseme kitu kimoja kinajulikana na vijana 36 kati ya 40, lakini kila mmoja anakadiria kwamba wenzake wanaokijua ni watatu kati ya kumi. Hicho ni siri ya wengi. Kila mtu anakitazama peke yake chini ya shuka na hakuna anayekitaja. Kinatumiwa na umati lakini bado hakijawa utamaduni wa pamoja. Kinyume chake, kitu kinachojulikana na 15 tu huku kila mmoja akidhani wanane kati ya kumi wanakijua kimetanguliwa na sifa: matangazo yamefanya kazi, watu hawajafika. Mitambo ya mapendekezo, ile inayomchagulia kila mtu cha kutazama mtandaoni, imezizidisha siri za wengi, kwa kuwa watu wawili wakifungua programu ileile huonyeshwa kurasa mbili tofauti, na hakuna anayejua mwenzake ameonyeshwa nini.

Linganisha na zamani za chaneli chache. Tarehe 28 Februari 1983, sehemu ya mwisho ya tamthilia ya televisheni M*A*S*H ilikadiriwa kutazamwa na watu milioni 106 hivi nchini Marekani. Hapo kutazama na kujua kwamba wengine wametazama lilikuwa tendo moja. Leo ni matendo mawili, na lazima uyapime mbali mbali.

Weka kizingiti kabla ya kuona matokeo: kwa mfano, kitu kiitwe cha pamoja kama kinajulikana na asilimia 75 au zaidi na wastani wa makadirio ni saba kati ya kumi au zaidi. Namba hizo hazina utakatifu. Rudia hesabu kwa asilimia 65 na 85. Kama orodha yako inabadilika kabisa, sema hivyo kwenye tasnifu. Usibadilishe kizingiti baada ya kuona kwamba kipendwa chako kimeanguka. Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na mtafiti kijana anayeandika kuhusu vijana huvuta kuliko wote.

Kisha chora jedwali la kujua na kupenda. Kitu kinachojulikana na 36 na kupendwa na 9 hakijashindwa. Mara nyingi ndicho kitovu. Wale 27 wanaokijua bila kukipenda wanakitumia kujieleza: "mimi si mtu wa vile." Sarah Thornton, alipochunguza vijana wa klabu za dansi katika kitabu chake cha 1995, alionyesha namna vijana wanavyojipa hadhi kwa kujipambanua na "wale wa kawaida". Bila kitu ambacho wote wanakijua, hakuna wa kujipambanua naye. Kwa hiyo usifute safu ya wasiopenda. Isome kwa makini kuliko ya wapendao.

Kuna jambo jingine ambalo maswali yako hayakuligusa kabisa, na kwa maoni yangu ndilo lenye utajiri mkubwa kuliko yote. Uliuliza majina. Lakini vijana wenye ladha tofauti hushirikiana zaidi kwenye maumbo kuliko kwenye majina. Mmoja anapenda gemu za mpira, mwingine tamthilia za mapenzi za Korea, wa tatu muziki wa injili. Hawana jina moja la pamoja. Wote watatu, hata hivyo, wanajua kuitazama video fupi ya mtu anayerekodi uso wake akishangaa kitu anachokitazama. Wote wanajua chalenji ni nini: sauti ileile, mwendo uleule, wewe unaweka mwili wako na kituko chako. Wote wanajua kwamba picha fulani yenye maandishi juu na chini inasubiri kujazwa utani. Richard Dawkins alibuni neno tunaloliandika mimu (kwa Kiingereza "meme") mwaka 1976 akizungumzia mawazo yanayojinakili, miaka mingi kabla ya vichekesho vya mtandaoni. Jambo la kulishika ni hili: mimu ni fremu yenye nafasi tupu. Fremu ni ya wote, kinachojazwa ni cha kila mtu. Swali lako la kufasili kitu "ambacho hata wawili hawakubaliani" linajibiwa hapo zaidi ya mahali pengine popote.

Ili kulipima hilo, mwombe kila mhojiwa akuonyeshe kwenye simu yake vitu vitano vya mwisho alivyomtumia rafiki, akikubali, na bila wewe kunakili jina la mtu wala mazungumzo. Andika umbo tu: wimbo mzima, kipande cha wimbo juu ya video, mimu, rimiksi, kipande cha gemu, mtu akijibu video ya mwingine, picha ya skrini. Vijana 40 mara vitu vitano ni 200. Gawa katika maumbo. Usizidi aina kumi na mbili, la sivyo utarudi kwenye tatizo la majina 211. Mpe mtu mwingine apange 50 kati yake bila kuona ulivyopanga wewe, kisha mlinganishe. Mkitofautiana kwenye zaidi ya kumi, maelezo ya aina zako hayajakaa sawa. Kwa wahojiwa walio chini ya miaka 18 hakikisha una kibali cha mzazi au mlezi kwa hatua hii, hata kama ulikuwa nacho kwa ile ya kwanza.

Makosa yanayoharibu kazi za namna hii yanajirudia. Kubwa ni kuchukua idadi ya mitazamo kama idadi ya watu. Video ya wimbo "Gangnam Style" wa Psy wa Korea Kusini ilipofika mitazamo bilioni moja YouTube tarehe 21 Desemba 2012, ya kwanza kufika hapo, namba hiyo haikusema ni watu wangapi. Mtoto mmoja huweza kuitazama mara arobaini. Chati nazo ni makubaliano ya kuhesabu. Mwishoni mwa 2014 Billboard, jarida la Marekani linalotoa chati za muziki, ilianza kuhesabu usikilizaji 1,500 wa mtandaoni kuwa sawa na albamu moja, na 2018 ikatenganisha: 1,250 kwa wanaolipia, 3,750 kwa wanaosikiliza na matangazo. Masikio yaleyale, uzito tofauti. Na orodha ya "kinachotrendi" kwenye simu yako haifai kuwa ushahidi. Imepikwa kwa ajili ya eneo lako, mara nyingine na mazoea yako.

Kosa la pili ni kuhoji kwa vikundi. Matthew Salganik, Peter Dodds na Duncan Watts walichapisha mwaka 2006 jaribio lenye washiriki 14,341 na nyimbo 48 za bendi zisizojulikana. Baadhi ya washiriki hawakuona wengine wamepakua nini. Waliobaki waligawanywa katika dunia nane, kila moja ikionyesha hesabu zake za upakuaji. Walioona hesabu walijazana kwenye nyimbo chache zaidi, na nyimbo zilizoshinda hazikuwa zilezile katika kila dunia. Nyimbo bora mara chache zilishika mkia na dhaifu mara chache ziliongoza, ila za katikati zingeweza kuangukia popote. Mahojiano ya kikundi ni dunia ndogo kama hizo: wa kwanza akitaja jina, watano wanalifuata. Hoji mmoja mmoja. Kikundi kitumie baadaye tu, unapotaka kusikia wanavyobishana.

Vijana 40 ni wachache kwa asilimia. Hata kama ungewachagua kwa bahati nasibu, asilimia 50 yako ingeweza kuyumba takriban 15 juu au chini; kwa vijana 100 ni 10, kwa vijana 400 ni 5. Na kama wa kwanza alikuletea marafiki zake, nao wakaleta wao, hizo hesabu za kuyumba hazikuhusu tena. Andika "vijana hawa 40", usiandike "vijana".

Fasili yenyewe inaweza kukaa hivi, ukiijaza na matokeo yako: "Katika utafiti huu, utamaduni pendwa ni jumla ya vitu na maumbo ya mawasiliano ambayo angalau asilimia 75 ya wahojiwa wanayatambua, wanayochukulia kuwa yanatambulika na wenzao, na wanayoyatumia kukubaliana au kupingana, bila kujali kama wanayapenda." Msimamizi akiuliza kwa nini kupenda kumeachwa nje, mwonyeshe jedwali la wanaojua bila kupenda.

Zimebaki zile 158 za pekee. Usizitupe. Chukua 30 kwa bahati nasibu urudi kwa waliozitaja na swali moja: "Ulikifikiaje kitu hiki?" Kama 20 zitakuwa zimefika kwa mlango mmoja, tuseme kipande cha sekunde 15 kilichotumiwa na binamu, basi umepata njia ya pamoja ndani ya vitu visivyo vya pamoja, na sura yako ya nne itabidi uianze upya.